Jalada la Jumatano

Usiku wa juzi niliota twiga amesimama kwenye kaunta ya masjala ninakofanya kazi, anaulizia jalada lake. Shingo yake ilikuwa imetokea dirishani na kichwa kimebaki nje, kwa hiyo yeye aliongea kutoka uani na mimi nikawa naijibu miguu, kwa adabu, kama tunavyoelekezwa kuwajibu wateja.

Nilimjua papo hapo. Ni twiga wangu mwenyewe, niliyemchora kwenye ukuta wa chekechea ya Sista Kandida. Siku tano za wiki mimi ni karani wa masjala. Mchoraji ni Jumamosi tu, tena baada ya kufua. Kila Jumamosi nachanganya njano upya, kwa sababu ile ya wiki iliyopita imeshakauka kwenye ndoo, na kila Jumamosi njano inatoka ya kwake. Ndiyo maana twiga yule ana mikanda: kwato njano ya ndizi mbivu, tumbo njano ya mawese, shingo inakaribia kijani. Sista alisema amependeza. Masista hawasemi uongo, lakini wana huruma.

"Shikamoo, Teofora," anasema twiga.

"Marahaba. Nikusaidie nini?"

"Nimechoka kuwa Jumamosi kumi na moja. Nataka kuwa siku moja."

"Siku gani?"

"Jumatano. Nichorwe kwa ndoo moja, kuanzia kwato hadi pembe, bila wewe kukatisha."

Namwambia Jumatano zangu zote ziko ofisini. Anasema anajua, ndiyo maana amekuja ofisini.

Naingia kwenye rafu za ndani. Miaka kumi na tisa nimepanga majalada ya watu na sikuwahi kuliona hili, nalo liko usawa wa macho: NDUNGURU, T., JUMATANO. Ni nene na limefungwa kwa kamba.

"Huruhusiwi kunifungua," linasema jalada. "Wewe ndiye mhusika."

"Nichungulie tu."

"Chungulia."

Jumatano zimo ndani, zimelaliana kama mashuka yaliyopigwa pasi, na zote ni saa nne asubuhi. Mimi saa nne ya Jumatano naijua kama chai na andazi mbele ya dirisha linalotazama stoo. Humu ndani ni nyingine kabisa. Jua limeupiga ukuta wa Sista Kandida kutoka kushoto, ukuta umepata joto, na mbele yake wamesimama watoto.

Hapa niseme jambo ambalo hata Sista sijamwambia. Miaka tisa nachora kuta za chekechea na sijawahi kumwona mtoto hata mmoja akitazama mchoro wangu. Jumamosi hawapo. Nawajua kwa alama za vidole tu, zile wanazoacha kwenye magoti ya twiga, na kila wiki nazipaka rangi juu kwa sababu ndiyo kazi. Zinaniuma kuzifuta. Ninatamani kuwaona mpaka wakati mwingine nikipishana na mtoto yeyote mwenye sweta la bluu sokoni namtazama mikono.

Sasa wako thelathini, ndani ya jalada, wamenipa mgongo.

"Waambie wageuke," naliambia jalada.

"Hao hawageuki mpaka uache kazi. Ni utaratibu."

Sijapiga hata hatua moja lakini niko kwa Bwana Meinrad Komba, afisa utumishi wetu. Meza yake imewekwa juu ya bembea ya chekechea, na yeye akiwa nyuma yake, anakwenda na kurudi, tai imenyooka vilevile.

"Manufaa ya kujiajiri umesomewa?" anauliza akija.

"Bado."

"Utakuwa bosi wako mwenyewe," anasema akienda, na kwenye kiti cha pembeni nimekaa mimi, nimevaa miwani, mbele yangu kuna kitabu cha ruhusa. Namsogelea. Namwomba ruhusa ya kwenda kuchora, si Jumamosi, siku ya kazi.

"Miaka yote hii nilikuwa nakusubiri uombe," anasema, na anavua miwani kujifuta macho. Naona haya. Nageukia bembea.

"Inabaki notisi ya saa ishirini na nne," anasema Bwana Komba. "Ziweke mezani."

"Nimeandika barua, mzee."

"Barua tunazo za kutosha. Saa ndizo hatuna."

Napekua mkoba. Kuna leso, funguo za masjala, na chini kabisa kuna kesho, imekunjwa mara nne. Naikunjua.

"Ni nzima?"

"Nzima."

"Hujaitumia hata asubuhi?"

"Sijaigusa."

"Ikishagongwa muhuri hairudi, Teofora."

Namfikiria Redemta, mdogo wangu ninayekaa naye. Anasoma ualimu kwa mshahara wa kazi hiihii ya masjala, na sina cha kumwambia zaidi ya kwamba kuna watoto nataka kuwaona nyuso. Bembea inakwenda, inarudi, inakwenda. Inaporudi tena naiachia kesho mezani.

Muhuri unagonga mara moja. Masjala haina tena kuta isipokuwa ule mmoja wa Sista Kandida. Mtoto wa mwisho kulia anaanza kugeuka. Naona sikio. Naona shavu lenye ukurutu kidogo na mafuta mengi. Nainama ili anikute usawa wake.

Nikaamka.

Redemta alikuwa mlangoni na kikombe. Alisema chai ya jana ameimwaga, hii ni ya leo. Nikachukua simu. Ilisema Jumatano, saa moja na nusu. Mimi nililala Jumatatu.

"Jana ilikuwa siku gani?"

"Jumanne, dada. Nilikuja kukuamsha mara mbili nikajua una malaria. Mara ya pili ukaniambia nisikusumbue, Bwana Komba bado anahesabu."

"Ofisini wamepiga?"

"Hawajapiga."

Katika miaka kumi na tisa sijawahi kukosekana hadi saa tatu bila mtu kupiga simu kuuliza niko wapi. Nilipofiwa na mama walipiga saa mbili na dakika kumi. Jana kutwa nzima hakuna aliyepiga.

Sijawapigia kuwauliza. Naogopa wataniambia hawajapokea notisi yoyote.

Watoto wa Sista Kandida hupanga mstari saa mbili na nusu, na kutoka hapa ni mwendo wa nusu saa. Redemta ananiuliza naenda wapi bila nguo za kazi. Nimemwambia naenda kuwaona watoto.