Kasuku na Mashine ya Moyo

Hospitalini, mpimaji wa moyo alimpaka mtoto jeli ya baridi kifuani, akamwambia, "Usicheke, bibi, picha itacheza." Mtoto akacheka. Nyumbani walimwita Kasuku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo.

Mama yake alisimama karibu, kashika kandambili za binti. Midomo ya Kasuku ilikuwa na rangi ya buluu tangu kuzaliwa. Wengine walisema baridi, wengine minyoo, wengine kudeka. Leo madaktari wa upasuaji walikuwa wanachagua watoto wa kupasuliwa, na asiye na picha ya moyo hachaguliwi.

Umeme ukakatika. Feni ikasimama. Ghorofani jenereta likanguruma. Lilikuwa limeunganishwa na ofisi ya mkurugenzi tu. Lakini mashine ya moyo haikuzimika.

"Ina betri?" mama aliuliza.

"Ilikufa zamani." Mpimaji aliinua kifaa kutoka kifuani, kioo kikawa giza. Alipokirudisha, kikawaka. "Mtoto anaiwasha mwenyewe. Vuta pumzi, bibi. Hapo hapo."

Mpimaji akaona. Mishipa inayotoka mapafuni ilimwaga damu upande wa kulia wa moyo badala ya kushoto.

"Ni kama mtu anatoka kazini, halafu anaingia nyumba ya jirani," alieleza.

"Na anakula huko?"

"Anakula na kulala."

"Basi wamrudishe kwake."

"Wakimpasua, watamrudisha."

Mlangoni akachungulia mama mwenye kichanga. "Dada, tuazime mwanao, na sisi tupimwe."

Wakambandika Kasuku waya wa mashine kwa plasta, akaketi kitini na kumwamkia kila aliyelazwa kitandani. Hata kichanga alipata shikamoo yake. Mpimaji alipima, huku akiichungulia midomo ya Kasuku isije ikazidi kuwa ya buluu.

"Huyo ni wangu," mama yake Kasuku alimwambia kila aliyeingia, hata ambaye hakuuliza.

Katibu wa mkurugenzi akashuka. "Bosi anaomba mtoto apande juu kidogo. Jenereta linapiga kelele, na kuna kikao."

"Mwambie yuko kazini," mama alijibu.

Jioni jina la Kasuku lilikuwa miongoni mwa waliochaguliwa. Mpimaji alimfuta jeli taratibu. "Wakishamtengeneza, huenda asiwashe tena mashine. Tutarudi gizani kwetu."

Mama alimvalisha binti kandambili. "Pole, dada. Acha awashe kwake kwanza."

Wakatoka. Taa za korido ziliwaka walipopita, zikazimika nyuma yao, na ghorofani jenereta liliendelea kuhudumia ofisi moja.