Mlango wa Mbele

Mzee Kim Swee alifariki Jumatano, na hadi Ijumaa watalii walikuwa bado wanaipiga picha nyumba yake. Sisemi walikuwa na nia mbaya. Nyumba za mtaa wa Heeren, hapa Melaka, zimetazamwa na wageni mpaka zimekoma kuona haya. Walikuta milango imebandikwa karatasi nyeupe mbili zilizopishana, ambazo kwetu mtoto wa chekechea anajua ni alama ya msiba, wao wakadhani ni urembo. Baba mmoja alimsimamisha binti yake mbele ya karatasi zile akamwambia atabasamu.

Bibi Gaik Neo, mjane wake, aliwaona kutoka juu. Sakafu ya chumba chake ina tundu lenye kifuniko cha mbao, lililotobolewa na mababu ili wanawake wa nyumba wachungulie aliyesimama mlangoni kabla ya kushuka. Alimwona yule mtoto anatabasamu, akalifunika. Hakuwa na nguvu za kugombana na mtoto.

Nguvu zake alimwekea Bwana Lim, mwenyekiti wa kamati ya utalii ya mtaa, aliyefika mchana huo na shati lililopigwa pasi na uso wa huzuni uliopigwa pasi vilevile.

"Bibi, pole sana. Mzee alikuwa nguzo ya mtaa huu."

"Tumeshapoa. Sema kilichokuleta."

Bwana Lim akakohoa. Kesho ni Jumamosi, alisema, siku ya maandamano ya harusi ya kale, ya kuwaonyesha watalii. Wageni wa meli wameshuka. Barabara itafungwa, lori la maiti halitaweza kuingia.

"Lakini nimeongea na mwanao. Tumeona mzee atolewe kwa mlango wa nyuma. Kichochoro ni kipana, lori litafika hadi kizingitini. Hakuna atakayejua."

Bibi akamgeukia Boon Teck, mwanawe wa pekee, ambaye alikuwa ametoka Kuala Lumpur na suti nyeusi. Boon Teck alikuwa anavitazama viatu vyake.

"Mama, ni mlango tu," alisema.

Mlango tu! Mlango wa nyuma wa nyumba ile, enzi za mababu, ulikuwa wa ndoo za choo. Hapo zilitoka ndoo, majivu ya jikoni na panya waliokufa. Mtu hakutoka hapo, hata mtumishi aliyefukuzwa alitoka kwa mbele.

Tena kulikuwa na jambo jingine, ambalo Boon Teck alilijua na alijifanya kulisahau. Katika ukoo wa Bibi Gaik Neo binti haozwi akahama, bali kijana ndiye anayeletwa kwao. Kim Swee aliletwa kwa mlango wa mbele akiwa kijana mwembamba mwenye masikio makubwa, amezama ndani ya joho la bwana harusi, akajikwaa kizingitini mbele ya umati. Bibi harusi alikuwa juu kwenye tundu, akacheka mpaka shangazi yake akamfinya. Maisha yake yote Kim Swee alitaniwa mtaani kwamba yeye ndiye aliyeolewa. Naye alikuwa na jibu moja tu: "Niliingia kwa mlango wa mbele mchana kweupe, na nitatoka kwa mlango wa mbele mchana kweupe." Alilirudia hata wiki ile ya mwisho, sauti ikiwa imekauka, na mkewe akamwambia, "Utatoka hapo, nakuahidi. Sasa lala."

"Bwana Lim," alisema Bibi, "huyu nililetewa kwa mlango ule. Sitamtoa kama ndoo."

"Bibi, tufikirie mtaa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Mwenyeji wangu hakupona. Yumo sandukuni, kamwangalie."

Bwana Lim hakwenda kuangalia. Uso wa huzuni ukamchosha, akauvua. "Sawa. Lori litazuiwa darajani, mwisho wa mtaa. Nimesikia una wabebaji wanane, na jeneza lile la mbao nene linataka mara mbili yao. Utalifikishaje darajani?"

"Kwani wewe ndiye utakayelibeba? Basi lisikuume."

Alipoondoka, Boon Teck alisema, "Mama, kwa nini kila kitu lazima kiwe vita?"

"Kwa sababu kila siku wanaomba kidogo tu, mwanangu. Jana waliomba kuonyeshwa sebule, leo wanaomba msiba. Mimi nimechoka kuombwa."

Kesho yake, saa iliyochaguliwa na mtawa wa hekalu ilipokaribia, vioo vyote vilikuwa vimefunikwa na Boon Teck amevaa gunia juu ya suti, kama inavyompasa mwana. Wabebaji wanane walilinyanyua jeneza kutoka ukumbini. Walifika nalo kizingitini wakitweta. Walipolivusha tu, uzito ukawashinda, wakalitua barazani juu ya mabenchi. Mbele yao mtaa ulikuwa umejaa kofia na kamera, na ngoma za harusi ya maonyesho zikasikika zinakuja.

Katikati ya umati alisimama Selvam na bendera yake ndogo. Ni mtembezaji wageni, Mtamil wa mtaa wa pili, na miaka mingi marehemu alimruhusu kuleta watu waione sebule. Mzee alikuwa akimwambia, "Selvam, wewe unadanganya vizuri kuliko mimi ninavyosema kweli." Leo Selvam hakuwa akidanganya wala kusema kweli. Alikuwa analia waziwazi.

Ndipo mtalii mmoja mnene, uso umeiva kwa jua, akaanza kupiga makofi. Wenzake wakamfuata. Mtaa mzima ukalipigia makofi jeneza la Kim Swee.

Boon Teck akaziba uso. Bibi Gaik Neo akashuka barazani na nguo zake za msiba, akaenda moja kwa moja mpaka kwa yule mtu.

"Selvam! Muulize huyu anapiga makofi ya nini."

Selvam akauliza. Alipojibiwa, akaishusha bendera yake.

"Sema."

"Anasema, Bibi, maonyesho ni mazuri sana. Anauliza kesho yanarudiwa saa ngapi."

"Mwambie hayarudiwi. Huyu ni mume wangu, na amekufa mara moja tu."

Selvam alipotafsiri, yule mtu akavua kofia. Makofi yakafa, kuanzia nyuma yake mpaka mbele. Alianza kuomba radhi, maneno mengi, lakini Bibi hakuyangoja.

"Mwambie mikono inayojua kupiga makofi itajua na kubeba. Aje."

Akaja. Sijui kama ni kwa aibu au kwa wema, na Bibi hakujali. Selvam akaikabidhi bendera kwa mwanamke aliyekuwa karibu, akashika mti wa kubebea jeneza upande wa pili. Haji Rosli, fundi wa kofia wa ng'ambo ya barabara, akafunga duka lake, akavuka bila kuitwa. "Nimecheza naye dama miaka yote," alisema, "ataendaje bila mimi?" Bado walipungua.

Maandamano ya harusi yakatokea kwenye kona, bibi harusi wa kukodi mbele, na Bwana Lim pembeni anapunga mikono. "Endeleeni! Piteni! Pigeni ngoma!"

Mpiga ngoma, mzee mwenye meno mawili, akashusha fimbo zake. "Bwana Lim, harusi haipiti mbele ya maiti. Hata harusi ya uongo." Akaikalia ngoma yake.

Bwana harusi wa kukodi akatoka kwenye mstari, na vijana waliobeba mianzi ya mapambo nyuma yake.

"Wee, kijana!" Bibi akafoka. "Nyekundu hiyo vua kwanza. Unataka kunizikia mume na nuksi?"

Kijana akalivua joho pale barabarani, akabaki na fulana yenye tundu kwapani, akaingiza bega. Jeneza likanyanyuka.

Bibi Gaik Neo aliliona linaelea mchana kweupe mbele ya mlango wake, na hapo akalia, kwa uchungu na kwa fahari, hakuona sababu ya kuvitenganisha. Mbele yao alikuwa amebaki Bwana Lim, katikati ya barabara.

"Bwana Lim, shika mti au toka njiani. Hapo katikati hapana kazi."

Bwana Lim akatoka njiani.

Walikuwa wamekaribia daraja Bibi aliposikia viatu vya Bwana Lim vinamkimbilia nyuma. Alikuwa ameloa jasho, pasi yote imekwisha shatini.

"Bibi, kesho je? Kuna mabasi mawili yameandikishwa. Wageni wakifika nyumbani kwako niwaambie nini?"

Bibi hakusimama, wala mkono wake haukutoka kwenye jeneza.

"Waambie nyumba ile ina mtu. Wapige hodi kama watu. Wasipojibiwa, warudi walikotoka."