Nyumbu wa Kiti cha Odile

Kati ya watu wanane wa juri, raia walioapishwa kuamua kesi kwa kauli moja, saba walikuwa upande wa Bi Verlene. Mmoja tu, Mzee Alcide Guillory, ndiye aliyekaza shingo.

"Mtu mzima anasoma," alisema, mikono kifuani. "Jina la kampuni lipo pale kwenye kopo, kubwa kama paji la ng'ombe. Ukikosea kununua, shauri yako."

"Mzee, wewe dukani unasoma makopo?" aliuliza Terrance, fundi bomba. "Mimi hata bili ya umeme sisomi."

Chumba cha juri kikaangua kicheko. Alcide hakucheka. Tangu amzike mkewe, Odile, kabla ya Kwaresima, kicheko kilikuwa kimemhama.

Bi Verlene Metoyer alipika asali ya miwa katika masufuria ya babu yake, akaiuza kwenye makopo ya manjano yenye picha ya nyumbu, chotara wa punda na farasi, akizungusha kinu cha kukamulia miwa. Watu wote wa Louisiana ya kusini walimjua nyumbu yule. Kisha kampuni kubwa ikaja na asali yake, kopo la manjano, na nyumbu wake, naye Bi Verlene akaishtaki kwa kumwiga. Akishindwa kesi hii, Bi Verlene atabaki kushindana na kivuli chake mpaka jiko lizimike. Wakili wa kampuni alitaka jaji aamue peke yake, kwa kuwa mambo ya alama za biashara ni ya wasomi. Jaji alikataa. Kama mnunuzi hudanganyika au la, alisema, waulizwe wanunuzi.

Bi Roslyn, kiongozi wa juri, aliagiza makopo yaletwe. Mpaka hapo walikuwa wameyaona kwa mbali tu, mikononi mwa mawakili. Akayapanga mezani, moja kando ya jingine.

"Yatazame kwa karibu, mzee wangu."

Nyumbu wa Bi Verlene alielekea kushoto. Wa kampuni alielekea kulia.

Alcide akainamia meza. Miaka yote ya ndoa, kopo lilikaa katikati ya meza ya jikoni, picha ikimkabili yeye, na Odile akiketi kushoto kwake, upande wa dirisha. "Unaona?" Odile alikuwa akimwambia, huku akimimina asali juu ya mkate wa moto. "Hata nyumbu anajua mzuri wa nyumba hii ni nani."

Baada ya mazishi alikwenda dukani mwenyewe, akanyoosha mkono palipo na manjano. Kesho yake asubuhi asali ilikuwa na uchungu, na nyumbu alitazama mlango. Akampigia simu binti yake: "Ulimi wangu umekufa na mama yako." Nyumbu naye, alidhani, amechoka kutazama kiti kitupu.

"Mzee, vipi? Nikuletee maji?"

"Tulipochaguliwa, jaji alituuliza nani amewahi kununua asali ya kampuni. Nikaapa sijawahi." Akaligusa kopo la kampuni kwa kidole. "Hili lipo jikoni kwangu."

Hakuna aliyecheka sasa.

"Basi umeshakuja kwetu," Terrance alisema taratibu. "Tupige kura twende zetu. Nani atajua?"

"Niliyeapa ni mimi, mwanangu." Akamgeukia Bi Roslyn. "Mwambie jaji."

Jaji alimsikiliza, akamshukuru, akamwondoa kwenye juri. Saba waliobaki walitosha kisheria. Alcide alikuwa bado ameketi kwenye ngazi za mahakama, kofia mapajani, Bi Roslyn alipotoka.

"Bi Verlene ameshinda," alimwambia. "Hatukukawia. Aliyekuwa akituzuia ni wewe tu, mzee."

"Kichwa changu kigumu," alisema Alcide, na safari hii akacheka, kidogo, kama mtu anayejaribu kiatu cha zamani.

Kesho yake alikaa jikoni na kopo jipya la Bi Verlene. Alionja. Utamu ulikuja, na nyuma yake ule moshi wa kuni aliokuwa ameusahau. Machozi yakamtoka, naye akayaacha.

Akainua simu. "Binti yangu, ulimi haujafa. Njoo Jumapili tule."

Kisha akanyoosha mkono kushoto, akakivuta kidogo kile kiti cha dirishani, nyumbu apate kukitazama vizuri.