Mzee wa Shibiri Moja

Mangi hakuwa mtu wa kuamini upesi, na tangu siku Lewis alipoingia karakanani mwao pale Barani, mtaa wa Malindi, suruali imepigwa pasi hadi inasimama yenyewe, hata ile imani kidogo aliyokuwa nayo iliota miguu ikaenda zake.

Mwanzo walikuwa wawili tu, yeye na Ochola. Mangi ndiye mchongaji, mzaliwa wa Gede. Ochola alikuwa fundi wa rangi, mtu wa bara aliyelizoea joto la Malindi, na ndiye aliyeubuni mchezo. Ulikuwa mchezo wa vita vya mezani: majeshi mawili ya askari wa mti, kitambaa kilichochorwa mto na vilima, na kamba ya mafundo ya kupimia askari asogee umbali gani. Kimo cha askari walikwisha kukubaliana, tena baada ya kugombana sana. Pingili moja ya dole gumba. Kwa kimo hicho jeshi zima linaenea kwenye meza ya kulia chakula, na anayeshindwa bado ana pa kukimbilia.

Lewis alitoka Kilifi, wakala wa kupeleka kazi za mikono ng'ambo. Alimweka askari mmoja kiganjani, akamgeuza huku na huku.

"Kazi safi," alisema. "Lakini ni mdogo mno. Mtu akimweka kabatini hamwoni. Mimi nataka shibiri moja."

"Askari wa shibiri?" Mangi alicheka bila furaha. "Basi utafute na meza ya ukubwa wa uwanja wa mpira."

"Askari wabaki hivi hivi. Nataka kila boksi liwe na mkuu wao mmoja, wa shibiri."

"Mkuu wa shibiri kati ya watu wa pingili huyo ni jini, si mkuu. Mchezaji atamsogeza vipi?"

"Huyo hachezwi," Lewis alisema kwa upole. "Huyo anakusanywa."

Akaeleza. Maboksi yatafungwa kabisa, nje hakuna picha wala alama, mnunuzi asijue amepata mkuu gani mpaka afungue nyumbani kwake. Wakuu watakuwa wa namna nyingi, na mmoja atakuwa adimu, mmoja tu katika shehena nzima. Huyo ataitwa Mzee. Wapenda kukusanya vitu watanunua boksi baada ya boksi wakimtafuta.

"Hiyo ni kamari," alisema Mangi.

"Si kamari, ni hamu," Ochola alidakia, macho yakimmeta. Na hilo ndilo lililomkera Mangi kuliko yote, kwamba mwenzake alikubali kabla hata ya kukuna kichwa.

Kisha Lewis akachora huyo Mzee wake kwenye ubao wa kazi: bapa, hana mikono, kichwa cha duara kama kisahani, kifuani pembetatu zimepangwa safu. Achongwe, alisema, halafu atiwe rangi aonekane wa kale. Ochola aliona picha nzuri. Mangi, Mgiriama, aliona koma.

Koma ni kile kijiti cha mti anachosimikiwa marehemu nyumbani kwake, apate pa kukaa karibu na watu wake. Wakubwa wa chama cha wazee husimikiwa kigango kirefu cha kimo cha mtu. Baba yake Mangi hakuwa mkubwa wa chama chochote, kwa hiyo yake ilikuwa fupi, imesimama kando ya nyumba ya mama yake kule Gede, imefungwa vitambaa vyake kiunoni. Mchwa walikuwa wameitafuna miguu miaka na miaka, na sasa ukiipima yote ilibaki shibiri na vidole viwili. Pwani nzima inajua kwamba vitu hivi huibwa vikauzwa kwa wenye makabati mazuri. Kwa jirani yao Masha waliamka siku moja wakakuta shimo, na tangu hapo mji ule haujacheka. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mangi hakuwahi kuumwa, ila alilala mlango wa pili na aliyeumwa, na ukelele aliusikia.

Basi akawaza. Kwa nini shibiri hasa? Kwa nini wa kale? Kwa nini boksi lisiloonyesha kilichomo? Kila alipozungusha maswali hayo yalimrudisha pale pale. Katikati ya wakuu wa bandia, mzee wa kweli angepita mbele ya kila mkaguzi bila kuulizwa jina. Hawa watu hawakutaka mchezo, walitaka njia ya kupitishia wizi, na yeye ndiye wangemtumia kuichonga.

Shaka ikashika mizizi siku Lewis na Ochola walipokuja Gede kutazama sampuli za Mzee alizokuwa akichonga nyumbani.

"Shikamoo mama," Lewis alimwamkia Kahaso, mamake Mangi.

"Marahaba mwanangu, karibuni, kaeni."

Lewis hakukaa. Alikwenda akasimama mbele ya koma, mikono nyuma, akatazama hadi uji aliokaribishwa ukapoa. Akauliza ni mti gani. Mangi akamjibu ni mhuhu. Akauliza imesimama tangu lini. Mangi akamwambia wao huwa hawamhesabii mzee siku zake. Ochola alitoa simu apige picha, Lewis akamshika mkono akamzuia. Mtu mwingine angeona heshima hapo. Mangi aliona mwizi asiyetaka kuacha ushahidi, na rafiki aliyekwisha kununuliwa. Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia, na akaanza kujikung'uta nguo.

Jumapili mama yake alipokwenda kanisani, Mangi alifanya jambo ambalo Mgiriama hafanyi. Koma ikishasimikwa haihamishwi. Iinamie upande, iliwe, iishe, mwisho wake ni hapo hapo, na mwenye kuihamisha amemhamisha marehemu. Mangi aliyajua hayo tangu utotoni. Lakini alikuwa amechonga pacha wa koma ile kwa mwarobaini, akamchovya kwenye kahawa, akamfukiza moshi, akamchimba nyufa kwa ncha ya kisu. Akaing'oa ya baba yake, akafungua vile vitambaa akamfunga yule pacha, akamsimika shimoni.

"Siku chache tu, baba," alisema.

Nyumbani hapakuwa na pa kuificha, maana Kahaso hufagia hadi chini ya vitanda. Akaifunga kwa gazeti, akaipeleka Barani, akaitumbukiza kwenye gunia la wazee wa majaribio lililokuwa chini ya benchi lake. Mwizi wa koma ataitafuta uani, aliwaza, nani atakuja kuitafuta karakanani? Alijiona mjanja kweli. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, ila za Mangi siku hiyo zilikuwa zimenyolewa.

Akamdanganya Ochola kwamba mama hajisikii vizuri, akarudi Gede kuvizia. Alikaa nyuma ya jiko na panga, mchana kutwa, siku baada ya siku, akilinda kitu alichokichonga mwenyewe. Simu ikalia. Ochola. Ikalia tena. "Ananiita nitoke, wapate nafasi," Mangi alinong'ona, akaizima kabisa. Siku zote hizo aliyeingia uani bila hodi alikuwa mbuzi wa Masha.

Aliporudi Barani alikuta karakana imefagiliwa, nyeupe. Ochola alikuwa anaosha brashi, anaimba.

"Ndugu yangu, nimekupigia mpaka nikachoka. Gari la Lewis lilikuja mapema, ikabidi nifunge mzigo peke yangu. Mama anaendeleaje?"

"Umefunga nini?"

"Kila kitu. Mzee tu ndiye alinisumbua, nikafungua gunia lako nichague." Ochola alitabasamu kwa furaha ya kweli. "Mangi, yule uliyemfunga kwenye gazeti, pale ulijishinda. Ule ukale wake, kama ile ya kwenu Gede! Hata miguu umeifanya kama imeliwa na mchwa. Nikasema huyu ndiye. Wengine nimewarudisha guniani."

Mangi alikaa chini, sakafuni, mahali alipokuwa amesimama.

"Yuko boksi gani?"

"Nitajuaje? Si ndivyo tulivyopatana? Nilichanganya nimefumba macho, hata mimi nisijue."

Ilibidi Mangi aseme yote, na alipofika mahali pa kusema kwa nini aliificha koma, na aliificha asiione nani, hakumtazama mwenzake usoni. Ochola aliweka brashi chini.

"Ungeniambia," alisema. "Mimi wa bara, mambo yenu siyajui. Lakini ungeniambia, ningelala juu ya lile gunia."

Wakampigia Lewis. Mzigo ulikuwa umeshaondoka nchini kwa ndege, umegawanywa tangu Kilifi kwa maduka, haya huku na yale kule.

"Koma ya tsawe wangu iliibwa nikiwa mdogo," Lewis alisema. "Babu huyo ndiye aliyenilea. Nilipoona ya baba yako bado imesimama, miguu haikutaka kuondoka. Yule Mzee nilimbuni kwa sababu hiyo. Nilisema wanaopenda kuweka vitu kabatini wapate kilichochongwa kiuzwe, wetu wawaache ardhini."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulinitazama kama mwizi tangu siku ya kwanza, kaka. Ningeanzia wapi?" Akaahidi kuuliza duka moja moja. Wote watatu walijua kwamba boksi likishafunguliwa, aliyebahatika kumpata Mzee hatakubali kumrudisha.

Mangi alipofika Gede alimkuta mama yake amechuchumaa mbele ya koma, kibuyu cha tembo la mnazi mkononi. Jumapili ni za kanisa, lakini mume ni mume.

"Afadhali umekuja," Kahaso alisema. "Hebu tazama. Kila wiki humfuta baba yako udongo wa mchwa miguuni. Wiki hii hakuna hata mmoja. Umempaka dawa?"

"Sikumpaka dawa, mama."

Mchwa hawali mwarobaini. Hakuna mchongaji wa pwani asiyejua hilo. Mangi alikuwa amefikiria rangi, nyufa na moshi, alifikiria kila jicho la mwanadamu ambalo lingetazama pale, na mchwa akawasahau.

Alimweleza akiwa amesimama. Kahaso alisikiliza hadi mwisho, hakulia wala hakulaani, na Mangi alitamani angalau alaani. Kisha mama akafungua vile vitambaa kimoja kimoja, akavikunja, akaviweka mapajani. Akakishika kile kijiti, akakivuta. Kilitoka bila taabu. Akakipangusa mchanga, akamkabidhi mwanawe.

"Mpelekee Ochola," alisema. "Hiki ndicho kilichokuwa cha kuuzwa."

Akamimina tembo lililobaki ndani ya shimo, polepole, akakaa hapo hapo. Mangi alisimama nyuma yake na kazi ya mikono yake, hajui aiweke wapi.