Ukuta wa Papa Bisimwa

Wengine hurudi Bukavu kwa msiba au kwa harusi. Colombe alirudi kukusanya maswali.

Alikuwa na miaka hamsini na miwili, mwanafizikia katika mamlaka ya taifa inayosimamia mionzi na mambo ya nyuklia, kule Kinshasa. Yeye ndiye aliyeandaa mpango wa utafiti wa usalama. Kila baada ya miaka mitano mamlaka hukaa chini, ikajiuliza ni mambo gani haiyajui, kisha ikatafuta fungu la kuwalipa watu wa kuyachunguza. Fungu lenyewe halikuwa nono. Sehemu ilitoka serikalini, ilipotoka. Sehemu ilikatwa kwenye ada za leseni za mahospitali na makampuni yenye mashine za mionzi. Zote ziliingia mfuko mmoja, ili asitokee mwenye mashine akasema, “Mimi ndiye niliyelipa, nipeni jibu ninalolitaka.”

Kwa miaka mingi maswali yalitungwa Kinshasa, mezani. Safari hii Colombe aliomba yatoke mikoani, na mkoa wa kwanza aliochagua ulikuwa wa kwao.

Kikao kilifanyika katika ukumbi wa parokia, Ibanda, madirisha yakitazama ziwa. Walikuja watu kama thelathini: madaktari, masista, mafundi wa vyumba vya radio, yaani wale wanaopiga picha za mifupa na mapafu.

“Niambieni kitu moya hamukijue,” Colombe aliwaambia, na mwenyewe akashangaa jinsi Kiswahili cha utotoni kilivyomrudi bila kuitwa. “Kitu ambacho mukikijua, kazi yenu itabadilika.”

Daktari mmoja akasimama. “Madame, siye maswali hatuna. Tuko na lazima ya mashine.”

Ukumbi ukacheka. Mwingine akaomba jenereta, sista akaomba tablie za plomb, yaani aproni za risasi za kujikinga na mionzi. Hadi saa tano Colombe alikuwa na orodha ya vitu tu, utadhani mtu anayekwenda sokoni Kadutu. Ndipo mkono mmoja ukainuka nyuma kabisa, wa mzee aliyevaa koti lililokwisha rangi kwenye viwiko.

“Ukuta ya tofali,” mzee alisema, “ile ya kuchoma ya hapa kwetu. Inazuiaka mionzi? Na kama inazuia, inapashwa kuwa na upana gani?”

Kuna aliyecheka, lakini hakupata mwenzake. Toka Minova mpaka Luvungi, vyumba vingi vya radio vimejengwa kwa tofali, kwa kuwa mabamba ya risasi hayapatikani. Wakaguzi huja na majedwali ya vitabu vya ng'ambo yasiyoijua tofali ya Kivu. Mmoja anafunga chumba, mwenzake akija anakifungua, na wote wawili wanakisia.

Colombe aliandika swali. Kalamu ikiwa bado inatembea, akaitambua ile sauti. Alikuwa akiisikia nyuma ya mlango akiwa na miaka tisa, ikiwaambia wagonjwa: “Usipumue... haya, pumua!”

“Papa Mugisho?”

“Njo miye, mutoto yangu. Lakini ile swali haiko yangu. Iko ya papa yako. Aliiulizaka mu quatre-vingt-deux, weye uko na miaka tisa, akaiandikia na barua. Hakuna mutu alimujibu.”

Baba yake, Papa Bisimwa, alikuwa fundi mkuu wa radio katika hospitali ndogo ya misheni juu ya mlima, na Mugisho alikuwa msaidizi wake. Walipoletewa mashine bila kinga yoyote, Bisimwa alisimamia mwenyewe ujenzi wa ukuta wa kujificha nyuma yake, tofali mbili kwa upana, akiwakaripia waashi kila walipoacha tundu kati ya tofali na tofali. Colombe alikuwa akimpelekea chakula akitoka shule. Alikaa kwenye benchi nje ya mlango, chini ya balbu nyekundu, akingoja izimike. Baba alitoka vidole vikinuka dawa ya kuoshea filamu, akambusu utosini bila kumgusa kwa mikono.

Alikufa mwaka 2004, kwa ugonjwa wa damu, akiwa na miaka hamsini na minane. Colombe hakuwahi kumwambia mtu, lakini kila ngazi aliyopanda katika kazi yake aliipanda na neno moja kifuani: je, ni ile mashine?

Kesho yake alikwenda Bagira kwa Papa Mugisho. Mke wake, Maman Georgette, aliyekuwa fundi cherehani, alisogeza nguo za wateja, akatandika meza: bugali, sambaza, vile vidagaa vya ziwa, za kukaanga, na mboga za lengalenga.

“Asinge,” Georgette alimsalimia kwa Mashi, akamshika mashavu. “Uko na macho ya papa yako kabisa. Kula kwanza, bya kazi bitakuja.”

Wakala, wakamzungumzia marehemu. Jinsi alivyoimba bezi, sauti nzito ya chini, katika kwaya ya parokia na kila Pasaka akachelewa kuanza. Jinsi alivyowatania wagonjwa waoga, kwamba picha yao itakwenda kuonyeshwa Ubelgiji. Colombe alicheka hadi akaweka kijiko chini. Tangu mazishi hakuwa amekaa na mtu aliyemjua baba yake akiwa kazini, akiwa na haraka, akiwa na makosa yake.

Baada ya kula, Mugisho akaleta mkebe mkubwa wa maziwa ya unga na rundo la daftari za shule. Ndani ya mkebe mlikuwa na beji za plastiki, kila moja na kipande cha filamu, katika bahasha zenye mwezi na jina. Ni zile beji ambazo wafanyakazi wa radio hubandika kifuani zipime mionzi inayowapata. Zamani zilipelekwa Kinshasa kwa ndege na majibu yakarudi kwenye karatasi. Vita vya 1996 vikakata njia. Lakini hakuna aliyewaambia waache, kwa hiyo hawakuacha. Kila mwezi walizivua, wakaziandika, wakaziweka.

“Na madaftari?”

“Kila picha tulipiga. Siku, mutu, nguvu ya mashine. Papa yako alisema, ‘Andika tu, Mugisho. Weye uandike.’ Basi nikaandika.”

Colombe alirudi Kinshasa na daftari begini na mkebe mapajani, akakataa kuuweka chini ya kiti cha ndege.

Maabara ilimjibu kwa sentensi mbili: unyevu na miaka vimeziharibu filamu zote, hazina tena cha kusomwa. Hata hivyo aliandika maswali mawili ya Bukavu katika orodha ya mpango. La kwanza, tofali ya Kivu inazuia mionzi kiasi gani. La pili, wafanyakazi wa zamani walipata mionzi kiasi gani. Hilo lingechunguzwa kwa hesabu za daftari.

Kamati ilikuwa na maswali arobaini na fungu la kumi na mawili. Valérie, mkuu wa wakaguzi, mwanamke asiyependa maneno ya kuzunguka, aliyachuja kwa kipimo kimoja: jibu likipatikana, uamuzi gani wetu utabadilika? La tofali lilipita upesi. Walipofika kwenye la pili akavua miwani.

“Colombe, nikishajua dozi waliyoipata watu hawa miaka ile, ukaguzi wangu wa kesho utabadilika wapi?”

Colombe alikuwa na hoja tatu alizoziandaa, na akaona zote tatu zimevaa nguo za kuazima.

“Jina la kwanza katika daftari hizo ni la baba yangu,” alisema. “Nilipaswa kuwaambia mapema. Naomba nitoke, mpige kura bila mimi.”

Alisimama koridoni karibu nusu saa. Akakumbuka dirisha la jikoni kwao, ambalo halikuwa na kioo. Baba alikuwa akileta filamu zilizoharibika, anazichemsha mpaka picha inatoka, zinabaki karatasi ngumu za buluu, anazipigilia dirishani. Asubuhi jikoni kote kulikuwa buluu, na uso wa mama, na chai, na mkate. Hakuwa amelifikiria dirisha lile kwa miaka thelathini. Valérie alipofungua mlango alimkuta analia, akadhani analilia kura.

“Tofali limepita. Lile lingine hapana. Pole, dada yangu.”

“Mmefanya sawa,” Colombe alisema. Lilimuuma, na lilikuwa sawa.

Kazi ya tofali ilishindaniwa, na aliyeipata alikuwa Gisèle, mtafiti wa chuo kikuu kimoja cha Bukavu, mtu wa vipimo na viatu vya tope. Kiangazi kilichofuata alichukua tofali katika matanuru saba, akazipima. Kisha akaomba kupima pia ukuta mmoja mzee uliokwisha kufanya kazi. Hospitali ya mlimani ilikuwa imehamishia radio jengo jipya, na chumba cha Papa Bisimwa kimejaa magodoro. Wakayatoa, wakaingiza mashine ndogo ya kubebeka, wakamwita Papa Mugisho aonyeshe mahali mtu alipokuwa akisimama. Colombe alikuja pia, kama mgeni, bila kugusa kipimo.

Gisèle alipiga mara ya kwanza, ya pili, ya kumi, akisogeza kipimo nyuma ya ukuta shubiri kwa shubiri.

“Hakuna kitu inapita,” alisema hatimaye. “Huu ukuta uko muzuri kuliko ya siku hizi. Aliyejenga hakuacha tundu hata moya.”

Colombe aliweka kiganja kwenye plasta. Ilikuwa baridi, na chini yake alizisikia kingo za tofali. Kitu alichokibeba tangu 2004 kikalegea kifuani. “Basi si mashine,” alinong'ona. “Si mashine iliyomuua.”

Papa Mugisho alitoka nje, akaketi kwenye ngazi. Colombe akamfuata, akaketi kando yake.

“Papa, kuna nini?”

“Ukuta haikukuwa na shida,” mzee alisema polepole. “Lakini papa yako hakukaaka nyuma ya ukuta siku zote. Mutoto mwenye kuvunjika mukono hajue kutulia. Akitikisika, picha inaharibika, mutapiga mara tatu. Papa yako alikuwaka anaingia kule ndani, anashika mutoto yeye mwenyewe, na miye nabonyeza.”

“Na tablie?”

“Tablie ilikuwa moya. Alikuwaka anaivalisha mama wa mutoto. Alisema, ‘Huyu bado anazaa.’” Akaomba daftari moja kati ya zile Colombe alizorudi nazo, akafungua katikati, akaweka kidole kwenye msalaba mdogo wa kalamu nyekundu pembeni ya jina. “Kila mahali kuko huu musalaba, njo siku alishika.”

Colombe aligeuza kurasa. Misalaba ilikuwa kila ukurasa. Gisèle, aliyekuwa amesimama mlangoni, baadaye aliihesabu yote: elfu mbili na mia tatu na kidogo.

“Inaweza kuwa ndiyo iliyomuua?” Colombe alimuuliza Gisèle, ingawa jibu alilijua kuliko yeyote pale.

“Inaweza. Na inaweza kuwa hapana. Damu ya mutu moya haituambie.”

Chini, ziwa lilikuwa jeupe kwa jua. Colombe alimwona baba yake akiwa ameinama juu ya mtoto wa mtu, akimwimbia ile bezi yake iliyochelewa, na mama aliyevaa tablie nzito akitazama. Hakusikia hasira. Alisikia hamu ya kumwona, hamu tupu, kama ya mtoto.

“Na leo,” aliuliza, “watoto wanashikwa na nani?”

“Na wafanyakazi,” Gisèle alisema. “Hata juzi, Minova, niliona kwa macho yangu.”

Hilo sasa lilikuwa swali lenye uamuzi ndani yake: mtoto atulizweje bila mtu kusimama kwenye mionzi? Mpango hupitiwa upya kila mwaka, na nafasi ilikuwepo. Lakini Colombe hakuliandika yeye. Aliketi jikoni kwa Mugisho, mzee mwenyewe akiliandika kwa Kifaransa chake cha shule, akifuta, akianza tena, na mwisho akatia sahihi. Kamati ililipitisha Colombe akiwa nje ya chumba.

Majibu ya tofali yakawa jedwali la ukurasa mmoja: tofali mbili, viungo vimejazwa. Vyumba vitatu vilizibwa matundu. Vingine vyote vilivyokuwa vikitishiwa kufungwa viliachwa vifanye kazi. Na kwa swali la watoto, fungu dogo lilikwenda kwa Gisèle na mafundi cherehani wanne wa Bagira, watengeneze mkumbuu laini wa kumfunga mtoto bila kumuumiza, ili kanuni ya kukataza wafanyakazi kushika wagonjwa ipate pa kusimama.

Siku ya majaribio ya kwanza Colombe alikuwapo. Maman Georgette alikuwa ameshona mikumbuu miwili, mmoja wa kitambaa chekundu, mmoja wa kitenge cha njano chenye ndege. Gisèle alitaka mwekundu, kwa kuwa hauonyeshi uchafu.

“Hapana,” Georgette alikata. “Nyekundu inaogopesha batoto. Weye umezaa?”

Gisèle alikiri kwamba bado.

“Basi kamata ya ndege,” Georgette alisema, akauma uzi uliobaki kwa meno, na Colombe akanyoosha mikono kuupokea.