Baiskeli Iliyoacha Kukunjika

Nilistaafu kufua mashuka ya masista nikiwa bado na nguvu za kumpiga mtu kofi akaona nyota. Huku Kashojwa, kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, hakuna anayestaafu, mtu analima mpaka anazikwa, lakini mimi neno hilo nililipenda, nikavuka nalo mpaka kutoka Burundi pamoja na sufuria.

Kustaafu hakukunizuia kulima. Shamba langu la maharage liko Juru, mbali kwa mwenye nyonga kama yangu. Mwaka huu mwanangu Aimable akaanza kuliita "shamba letu." Siku moja akaja na Astère, mwenyekiti wetu, wakakaa kwenye mkeka wangu.

"Maman, miguu imekwisha," Aimable akasema. "Niachie mimi shamba."

"Nikifa utaachiwa."

"Na ukishindwa kufika?"

Mdomo wangu haujawahi kunisubiri. "Siku nitakayoshindwa kufika kwa nguvu zangu, lichukue! Astère, wewe shahidi."

Astère akasema amesikia.

Ndipo nikaenda Mbarara. Kule Kakoba kuna mama mmoja, Zaharah, anauza vitu vilivyotumika vya kutoka ng'ambo. Katikati ya vigari vya watoto alikuwa na baiskeli ndogo yenye bawaba tumboni.

"Nyabo, mama yangu, hii inakunja," akanionyesha. "Unaweka chini ya kitanda."

"Chini ya kitanda changu alikuwa analala mume mlevi."

"Hii haiwezi tapika," Zaharah akasema, na tukacheka mpaka akanipunguzia bei.

Kilichonivuta hasa si kule kukunjika. Mwili wake umeinama katikati, karibu na ardhi, kwa hiyo mwanamke mwenye kitenge na nyonga mbovu anaupita kama anavyovuka kizingiti. Nikaikunja, nikapanda nayo gari la kurudi Nakivale. Kondakta akauliza ni kitu gani. Nikamwambia ni mashine ya kupimia mimba za ng'ombe. Akaiweka kiti cha mbele kwa heshima zote, kisha akaniuliza kama naweza kupita kwao kumwangalia mmoja.

Nyumbani nikaanza kuitengeneza. Hakuna aliyenifundisha, nilikuwa na spana, kijiko na hasira. Tairi zake nyembamba zilizama vumbini, nikatafuta nene. Siti yake ilikuwa ya mtu asiye na makalio, nikaweka pana yenye springi. Gia ya mbele nikabadilisha nikaweka ndogo ili mlima uwe mwepesi. Mnyororo ukanikatikia mara ya kwanza, mara ya pili ukatii. Mbele nikafunga dumu lililokatwa mdomo, la kubebea mbegu. Jembe nilililaza ubavuni kwa mpira. Kengele nikaweka mbili, moja ya watu na moja ya mbuzi.

Nikaenda Juru kupanda. Niliporudi niliwaambia majirani kwamba kwenye mteremko nilimpita bodaboda, nikaupita na upepo wake, nikafika shambani kabla ya kivuli changu, ikabidi nikae nikisubiri ndipo nianze kazi. Kashojwa nzima ikaijua hadithi hiyo. Aimable alicheka kuliko wote.

Nilipanda. Nilipalilia. Maharage yakatoa maua, na bawaba ikaanza kulia.

"Unasikia, maman?" Aimable akasema. "Siku moja itajifunga na wewe katikati. Niachie nimpelekee fundi Kamaldin aiimarishe."

Ilikuwa inataka mafuta tu, nami nilijua. Lakini ilikuwa zamani mno tangu mtoto huyo aniombe kunifanyia jambo. Nikampa.

Ilirudi jioni ya kesho yake, na majirani wakaizunguka wakipiga makofi.

"Sasa hii ndiyo baiskeli!"

"Inabeba gunia hii!"

"Mukecuru, bibi yetu, wewe ulizaa bwana!"

Bawaba ilikuwa imejazwa chuma cha kuchomelea, kimevimba kama jipu. Nyuma palikuwa na keria ya nondo, pana kama kitanda cha mgonjwa. Na kutoka chini ya siti hadi kwenye usukani lilipita bomba moja, limenyooka, limefika kitovuni kwangu.

Nikanyanyua mguu. Nyonga ikakataa. Nikajaribu upande wa pili, kitenge kikanasa. Nikailaza baiskeli chini, nikaingia katikati yake, nikawaambia watuinue wote wawili. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mimi pia nilicheka. Aimable hakucheka.

Asubuhi nikaondoka kwa miguu na fimbo. Sikufika hata nusu ya njia. Nilikuwa nimekaa kando ya barabara nikiikanda nyonga, nikasikia kengele ya mbuzi. Alikuwa Aimable kwenye baiskeli yangu, na mkewe Élyse nyuma kwenye keria ameshika majembe.

Alisimama. Ana adabu, hilo sitamnyima.

"Pole, maman. Rudi nyumbani, utaumia. Sisi tutapalilia."

Nikarudi, lakini nikapitia kwa Kamaldin, fundi wa kuchomelea, Mganda mpole asiyejua ugomvi wetu.

"Kata lile bomba la baiskeli yangu, mwanangu."

"Jajja," akaniita bibi kwa Kiganda chake, "nikikata inavunjika. Nguvu yote iko kwa hiyo bomba sasa."

"Nani alikuambia uliweke?"

"Aimable. Alisema, fanya kama ya wanaume. Nikamuuliza, sasa jajja atapanda aje?" Akapangusa mikono kwenye suruali. "Akasema jajja amestaafu."

Nikaenda kwa Astère. Safari hii sikuongeza chumvi, hata chembe. Nilimweleza jambo lilivyokuwa, kama mtu anayetoa ushahidi. Alianza kutabasamu kabla sijafika katikati.

"Kwa hiyo Aimable ametoa pesa yake, akaimarisha baiskeli yako, ili ukose kuipanda?"

"Ndiyo."

"Na kivuli chako, mukecuru, siku hiyo kilifika saa ngapi?"

Watu wawili waliokuwa wamekaa pale wakaangua kicheko. Nikamwambia amwite Kamaldin. Akatikisa kichwa, na sasa hakuwa anacheka.

"Ulisema mbele yangu: siku utakayoshindwa kufika. Umefika?"

"Sikufika."

"Basi. Na mtoto hajakuibia. Mimi wangu hawajawahi hata kunikazia msumari wa kiti. Nenda umshukuru."

Sikwenda kumshukuru. Nilikaa nyumbani, na wiki za mavuno baiskeli ikapita mbele ya mlango wangu na magunia. Inabeba vizuri, lazima niseme. Haiyumbi. Wanaume wawili wa kijijini wamepeleka zao kwa Kamaldin wawekewe keria kama ile, na wakikutana nami njiani wananisifia mwanangu.

Juzi Élyse alikuja na bakuli la maharage makavu.

"Maman, Aimable amesema wewe ndiye wa kuonja kwanza."

Nikalipokea. Yalikuwa yale yenye madoa mekundu, mbegu nilizochagua mwenyewe moja moja usiku kucha kwenye ungo. Yalikuwa makubwa. Nikatafuta neno la kumchoma, na mimi maneno hayajawahi kunipungukia, lakini lililotoka lilikuwa asante.

Élyse hakuondoka. Alisimama mlangoni akitazama mikono yangu.

"Bakuli, maman," akasema. "Naomba nirudi nalo."

Nikayamimina maharage kwenye kitenge changu, nikampa bakuli lake.