Kona ya Mzee

Kila Jumamosi, saa tatu na dakika tano asubuhi, kocha aliwapanga wanafunzi wake sita kando ya uzio, akawagawia kofia ngumu zilizonuka jasho la wengine, kisha akawaleta farasi mmoja mmoja. Wa mbele alikuwa Mzee. Mzee alikuwa amekufa tangu mwezi wa pili, lakini hakuna aliyemwambia kwamba zamu yake imekwisha, kwa hiyo alikuja mwenyewe kutoka nyuma ya stoo ya nyasi, akasimama mbele ya msafara na kusubiri. Tajiri mwenye farasi aliwahi kujaribu kumtandika, maana farasi asiyekula ni faida tupu, ila tandiko lilimpita mwilini likaanguka chini. Tangu hapo Mzee aliachwa aongoze bila mtu mgongoni.

Wengine walimfuata bila neno. Farasi kwenye msafara hawana tofauti na watu kwenye foleni: maadamu yupo aliyetangulia, hakuna anayeuliza tunakwenda wapi.

Mama Breki alipewa Binti, kwa sababu alichelewa siku ya kwanza na waliowahi walishajichagulia. Jina la Mama Breki alibandikwa na wanafunzi wake wa udereva. Miaka kumi na tisa aliwafundisha huku mguu wake wa kulia ukiwa tayari juu ya breki ya upande wa abiria, mpaka siku mwanafunzi mmoja alipomgongesha kwenye ukuta wa duka la magodoro. Hakuumia hata ukucha, lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu siku hiyo hakuketi tena garini. Mdogo wake alimvumilia miezi miwili, kisha akamlipia masomo ya kupanda farasi, akamwambia, "Dada, anza na kitu kisicho na injini."

Binti alikuwa farasi jike wa miaka minne, rangi ya chai ya maziwa, na mwoga wa kupindukia. Aliogopa mfuko wa plastiki, mwavuli, mtu akipiga chafya, na ndoo ya bluu. Ndoo nyekundu hakuwa na neno nayo. Walipokutanishwa, Mama Breki alitetemeka juu na Binti akatetemeka chini, wala haikujulikana nani anamwambukiza mwenzake. Kocha alimsihi mama wa watu asishike hatamu kama anayeshika usukani. Katika saa ile moja mguu wake wa kulia ulikanyaga hewa mara arobaini, na mwanafunzi mwenzake mmoja, mfamasia, aliyekuwa nyuma yake, alizihesabu zote kwa sauti.

Kwenye mzunguko wa kumi na moja wa uwanja, Mzee alifika kona ya pipa la maji, akapiga magoti, akaanguka ubavu. Alianguka hapo hapo kila Jumamosi. Msafara ulisimama. Kocha aliitumia nafasi hiyo kufundisha namna ya kukaza mkanda wa tumbo, mfamasia akanywa maji, na waliokuwa na simu wakazitazama. Farasi waliochoka kusubiri walimzunguka Mzee wakapita. Dakika nne baadaye aliinuka, akajikung'uta vumbi na kurudi mbele.

Binti peke yake hakupita. Aliganda hatua kumi kabla ya kona, masikio yamelala, jasho likimtoka shingoni, na hakusogea hata Mzee alipokwisha kuinuka. Ilibidi ashikwe hatamu na kutolewa nje kupitia lango la takataka.

Tajiri aliyaona hayo akiwa kwenye uzio, anachokonoa meno.

"Mwezi ukiisha hajapita kona hiyo, anakwenda machimboni kuvuta mawe," alimwambia kocha. "Siwezi kulisha mapambo."

Mama Breki, aliyekuja kutafutia dawa woga wake mwenyewe, alirudi nyumbani na woga wa watu wawili. Siku zile hakulala vizuri. Aliwahi kuwaona farasi wa machimboni, na hakumwona hata mmoja aliyezeeka.

Ila waoga alikuwa anawajua. Miaka kumi na tisa amekaa nao bega kwa bega, akawafikisha wengi kwenye leseni, na siri yake ilikuwa moja tu: mwoga hafokewi, na jambo lolote anaambiwa kabla halijatokea. Jumamosi ya pili alifika saa nzima kabla ya wenzake, akamfuata Binti bandani na kuanza. Sasa nainua mkono. Sasa nakugusa bega. Sasa napiga chafya, na akapiga ya uongo. Mbele kuna ndoo ya bluu, haina kitu ndani, tutaipita kushoto. Hakumdanganya hata mara moja. Akisema kushoto ilikuwa kushoto, na kama nzi angeuma alimwambia nzi ataumiza.

Binti alianza kutega sikio moja nyuma kumsikiliza. Jumamosi ya tatu alimpita mtu mwenye mwavuli. Mfamasia alijikuta hana cha kuhesabu, kwa kuwa ule mguu wa kulia ulishasahau kazi yake. Jumamosi ya nne Mama Breki alikuja kwa gari lake mwenyewe, na hakugundua mpaka alipoanza kutafuta mahali pa kuegesha.

Kona tu ndiyo iliyobaki. Ili aweze kumwambia Binti ukweli, ilimpasa aujue, basi akamuuliza kocha Mzee alikufa kwa nini.

"Alichoka," alisema kocha. "Madarasa manane kwa siku. La nane hakulimaliza."

"Na hawa wengine walikuwa wapi?"

"Walikuwepo. Lakini watu wanataka farasi mtulivu, mama, na mtulivu alikuwa yeye."

Kocha alikuwa na mazoea ya kuwaambia wanafunzi kwamba mwenda pole hajikwai. Mzee alikuwa mwenda pole tangu anazaliwa.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi tajiri alikuja mapema, akaegemea uzio. Mzee alianguka kwenye mzunguko wa kumi na moja. Kocha alianza habari za mkanda wa tumbo, kisha akaziacha, akamtazama Binti. Mama Breki aliinama juu ya shingo ya Binti.

"Huyo ni Mzee. Ameanguka kwa sababu walimchosha. Hatakushika. Tunampita kulia, polepole, na mimi sishuki."

Binti alikwenda. Alipofika alinusa paji la uso la Mzee, na Mzee, akiwa amelala vile vile, alikunja mguu wa nyuma kumpa njia. Wakapita. Wanafunzi walipiga makofi, mfamasia akiwa wa kwanza, na Mama Breki alilia kwa furaha mpaka kofia ikamteremka machoni. Hakuwa amefurahi hivyo tangu siku aliyopata leseni yake.

Tajiri naye alifurahi. Alikwenda kwenye ubao wa zamu, akafuta kwa kiganja na kuandika Binti kwenye darasa la pili, akashuka akaandika kwenye la tatu, na hakuacha mpaka la nane.

"Yote?" aliuliza Mama Breki.

"Watu wanataka farasi mtulivu," alisema tajiri. "Umefanya kazi nzuri, mama. Mimi nilishakata tamaa naye."

Wanafunzi wa saa nne walikuwa tayari wanavaa kofia. Mama Breki alishuka, akamwendea Binti mbele. Binti alitega masikio yote mawili, akisubiri kuambiwa kinachofuata. Roho ilimuuma yule mama kuliko siku ya ukuta. Angeweza kunyamaza, lakini hakuwa amemzoesha hivyo. Alimwambia yote: madarasa saba leo, manane kesho, na mwisho wake ni ile kona.

Binti alisikiliza mpaka mwisho. Sauti ilikuwa ile ile anayoiamini, basi hakushtuka. Alimpumulia kiganjani, akageuka, akatembea taratibu hadi mbele ya msafara, na Mzee akarudi nyuma hatua moja kumpisha. Kocha akapuliza filimbi.